Majani yapo kibao Lindi, mbona ng'ombe wanakonda?

Hili swali naulizwa kila kiangazi na wafugaji waliohamia huku Kilwa, Liwale na Nachingwea, Wasukuma na Wabarbaig wengi, wengine walishuka baada ya kuondolewa Usangu na Ihefu 2006 na 2007. "Bwana mifugo, majani si haya yanamfunika mtu, mbona mwezi wa 9 ng'ombe mbavu nje?" Mi ni mtu wa malisho, na jibu langu huwa haliwafurahishi sana: hayo unayoyaona mengi ni mabua.

Iko hivi. Huku mvua zinaanza mwezi wa 11 au wa 12 zinakata wa 4 au wa 5, na ardhi kubwa ni miombo, udongo wa kichanga ulioshachujwa rutuba na maji. Nyasi zinakimbilia juu haraka, zikishatoa mbegu tu protini inaporomoka, ukifika mwezi wa 8 mara nyingi iko chini ya asilimia 7. Na hapo ndo penye shida, kwa sababu anayemeng'enya majani ni vile vijidudu vya kwenye tumbo kubwa la ng'ombe, na vyenyewe visipopata protini kama asilimia 7 hivi vinalegea, chakula kinakaa tumboni muda mrefu, ng'ombe anajiona kashiba hali tena, basi anakonda huku tumbo limejaa. Kule Shinyanga mvua ni chache, nyasi ni fupi, ila zinakauka na utamu wake. Ndo maana mtu akija huku na macho ya Usukumani anadanganyika.

Hamna haja ya maabara, angalia mavi. Yakiwa yametandika chini kama uji mzito, malisho bado yana nguvu. Yakianza kusimama, makavu, yamepangana pete juu ya pete na nyuzinyuzi zinaonekana, jua protini imekwisha, usingoje mbavu zikuambie.

Halafu hesabu. Ng'ombe wa kilo 250 anakula kama kilo 6 hadi 7 za majani makavu kwa siku, kwa mwaka inakaribia tani 2 na nusu. Tuseme hekta yako inatoa tani 2, nusu unaiacha ili nyasi zichipue tena na udongo usibaki uchi, kwa hiyo ng'ombe mmoja anataka hekta 2 na nusu, ekari 6 hivi. Sasa wewe una ng'ombe 200 na kijiji kimekutengea ekari 300, hapo hata tukigombana na wakulima wa ufuta mpaka kesho hesabu haikubali.

Na sio kila ekari inahesabika. Vichaka vizito vyenye ndorobo (mbung'o) toa, nagana wanayoieneza itakumalizia kundi. Sehemu zilizo mbali na maji nazo kiangazi ni kama hazipo, wote mnarundikana mabonde ya Matandu na Mbwemkuru, pale pembeni ya maji panakanyagwa panakuwa vumbi wakati juu majani yanasubiri moto.

Moto wenyewe sijaukataa. Ukichoma mapema, mwezi wa 5 au wa 6, udongo ukiwa bado na unyevu, moto unapita mwepesi na nyasi zinachipua kidogo. Wa mwezi wa 9 au 10 ni mkali, unaondoka na chakula chote na miti michanga juu.

Mnaojua ngitili, yaani kile kipande cha malisho Wasukuma wanachokifunga kwa ajili ya kiangazi, ifanyeni huku lakini kwa mtindo wa huku: kipande kiwe karibu na maji, lisha kwanza mwezi wa 1 na wa 2 nyasi zisipate kupanda, kisha mwezi wa 3 toa ng'ombe funga kabisa, mvua za mwisho zichipushe majani machanga. Ongea na mkulima wa jirani pia mapema, kabla hajavuna, mabua ya mahindi na majani ya kunde yatakusogeza mpaka mwezi wa 8 ndo ufungue ngitili.