Kijitabu cha peni moja: wanawake waandishi na biashara ya vitabu vya dini na maadili

Mtu akipewa kitabu kikuukuu cha dini, macho yake hukimbilia jina la kitabu, kisha picha, kisha mwandishi. Mimi kazi yangu ni kutunza vitabu vya aina hiyo, na nimezoea kuanzia chini. Chini kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi ndogo, ndipo mpiga chapa alipoweka jina lake, mtaa wa duka lake na mara nyingine bei. Mistari hiyo miwili mitatu hunieleza yasiyosemwa na dibaji: nani alitoa mtaji, kitabu kiliuzwa wapi, na kilikusudiwa mfuko wa nani. Kwa vitabu vilivyoandikwa na wanawake mistari hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu mara nyingi huko juu jina la mwanamke halipo kabisa.

Mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi ni Hannah More. Alizaliwa mwaka 1745 Fishponds, karibu na Bristol, Uingereza, binti wa mwalimu, mmoja wa mabinti watano. Dada hao waliendesha shule yao wenyewe ya wasichana mjini Bristol. Hannah alianza na tamthilia, na mwaka 1777 mchezo wake ulipanda jukwaani London ukapendwa sana. Baadaye akauacha ukumbi wa michezo, akahamia mashambani Somerset, akajitia katika kazi ya dini. Mwaka 1789 yeye na dada yake Martha walifungua shule ya Jumapili huko Cheddar, kwa watoto wa maskini ambao hawakujua hata herufi. Huko akakutana na swali linalomkabili kila mwalimu wa kisomo: mtu akishajua kusoma, atasoma nini?

Sokoni tayari kulikuwa na kitu. Chukua karatasi moja kubwa, ikunje katikati, uikunje tena, kisha mara ya tatu. Chana mikunjo ya pembeni na utapata majani manane, yaani kurasa 16. Hicho ndicho kijitabu cha mchuuzi. Karatasi yenyewe ilikuwa duni, na mbele palikuwa na picha iliyochongwa kwenye ubao, ambayo mara nyingi ilikuwa imeshatumika katika hadithi nyingine kadhaa. Wachuuzi walivibeba pamoja na utepe, sindano na vifungo, wakizunguka kijiji hadi kijiji na kuviuza mlangoni mwa mtu. Ndani yake mlikuwa na visa vya majambazi, nyimbo za mapenzi, tafsiri za ndoto, na maneno ya mwisho ya waliohukumiwa kunyongwa. Watu walivipenda mno.

More hakuishia kuvilaumu. Alivikusanya, akavisoma, akaangalia ukubwa, picha, urefu wa sentensi na namna jina la hadithi linavyomvuta mtu. Kisha akatengeneza vyake vinavyofanana navyo kwa sura na bei, ila ndani mna mafundisho ya dini, bidii ya kazi na kiasi. Tarehe 3 Machi 1795 mfululizo huo ulianza kuuzwa kwa jina la Cheap Repository Tracts, yaani ghala la vijitabu vya bei nafuu. Kila mwezi vilitoka vitatu: hadithi moja, wimbo mmoja, na somo moja la Jumapili. Bei ilikuwa nusu peni, peni moja, au peni moja na nusu. Kibarua wa shamba wakati ule alipata kiasi cha shilingi nane au tisa kwa wiki, na shilingi moja ilikuwa peni 12. Kwa hiyo kijitabu cha peni moja kilikuwa ndani ya uwezo wake, ingawa si bila kufikiria.

Idadi ya nakala zilizotoka inashangaza hata leo. Katika majuma sita ya kwanza zilitoka nakala 300,000. Ilipofika Machi 1796 zilikuwa zimefika milioni mbili. Sensa ya mwaka 1801 ilihesabu watu wasiofika milioni tisa Uingereza na Wales. Mfululizo ulipokoma mwaka 1798 ulikuwa na vijitabu zaidi ya 100. More mwenyewe aliandika karibu nusu, na vingi alivitia herufi moja tu, Z. Dada yake Sarah na waandishi wengine waliandika sehemu iliyobaki.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji arudi kwenye ile mistari ya chini. Jina la London ni John Marshall, mtu aliyekuwa tayari katika biashara ya vijitabu vya wachuuzi. Jina la Bath ni Samuel Hazard. More hakuanzisha mtambo mpya. Aliingia kwenye njia ile ile iliyokuwa ikipitisha visa vya majambazi, akapitisha vyake. Nyuma yake alikuwepo mwenye benki, Henry Thornton, aliyeshika hazina, pamoja na orodha ya watu wenye uwezo waliochangia fedha. Aliyenunua nyingi alipunguziwa bei, na wachuuzi waliwekewa nafuu yao ili wapate faida wanapouza rejareja. Baadaye yakawepo matoleo mawili ya kijitabu kimoja: la karatasi nzuri kwa matajiri na la karatasi hafifu kwa wachuuzi.

Kwa hiyo, tusiposoma zile milioni mbili kwa uangalifu, zitatudanganya. Sehemu kubwa ya nakala zilinunuliwa kwa mafungu na matajiri, makasisi na wahisani, wakazigawa bure kwa wafanyakazi wao, askari, mabaharia, wafungwa na wagonjwa hospitalini. Aliyelipa siye aliyesoma. Hali hiyo ni ya kawaida katika biashara ya vitabu vya dini tangu zamani, nayo huyafanya maandishi yenyewe yaelekee upande fulani: mwandishi anayeandikia maskini lakini analipwa na tajiri hujikuta anasema yale ambayo tajiri angependa maskini ayasikie. Mwaka 1795 chakula kilikuwa adimu, bei ya mkate ilipanda, na habari za mapinduzi ya Ufaransa zilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Vijitabu vya More vinamwambia kibarua mwenye njaa avumilie, ashukuru, asifuate wachochezi. Hadithi yake iliyopendwa kuliko zote, ya mchungaji wa kondoo wa Salisbury Plain, ni picha ya maskini mchamungu asiyelalamika kamwe.

Jambo hili linanigusa, na sitalificha. More aliwafundisha watoto wa Cheddar kusoma, lakini alikataa kuwafundisha kuandika. Mwenyewe alisema waziwazi kwamba haruhusu kuandika kwa maskini. Mwanamke aliyepata sauti yake kwa kalamu aliona kalamu haiwafai binti za vibarua. Na mwanamke huyohuyo mwaka 1788 alichapisha shairi la kulaani biashara ya utumwa, na katika mfululizo wa peni moja akatoa wimbo wa Yamba, mama Mwafrika aliyeibwa kwao na kufiwa na mtoto wake mchanga melini. Mwandishi wa kwanza wa wimbo huo ni Eaglesfield Smith. More aliurefusha na kuutia mafundisho ya dini. Kwa hiyo maelfu ya Waingereza wa kawaida walinunua uchungu wa mama wa Kiafrika kwa bei ya karatasi, ukiwa umeandikwa na watu wasiowahi kukanyaga Afrika. Ubaya wa utumwa waliusoma, ila sauti ya Yamba haikuwa yake.

Kwa nini dini na maadili, na si sheria, historia au siasa? Kwa sababu huo ndio mlango uliokuwa wazi. Mwanamke aliyeandika siasa alionekana amevunja heshima. Aliyeandika namna ya kulea watoto katika kumcha Mungu alionekana anatimiza wajibu wake wa nyumbani, tofauti ikiwa tu kwamba nyumba imekuwa kubwa. Hata More, alipoandika kijitabu chake cha kisiasa cha 1792, alijificha nyuma ya jina la fundi seremala wa kijijini, Will Chip.

Mlango huo ulikuwa umeanza kufunguliwa zamani, na waliotangulia kupita walipita wakiwa na kifo mkononi. Dorothy Leigh aliwaandikia wanawe watatu wasia wa dini uliochapishwa mwaka 1616, ukarudiwa kuchapwa zaidi ya mara 20 ndani ya miaka 60 hivi. Elizabeth Jocelin alikuwa mjamzito alipoandika barua ndefu kwa mtoto ambaye alihofu hatamlea. Alijifungua mwaka 1622 na baada ya siku tisa akafa. Maandishi yalikutwa mezani kwake, na kasisi Thomas Goad akayapitia, akabadili hapa na pale, akayatia utangulizi. Kitabu kikatoka mwaka 1624. Mama anayeaga dunia hakuna anayethubutu kumwambia anyamaze, na wauza vitabu walilijua hilo vizuri.

Msomaji wa Kiswahili hapa hatakosa kumkumbuka Mwana Kupona binti Msham wa Pate. Mwaka 1858, akiwa mjane na ameugua kwa muda mrefu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa beti 102. Mwanzoni anamwita binti aje karibu na wino na karatasi. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Pate na Uingereza ya akina Jocelin hazikuwa na uhusiano. Tofauti kubwa ni njia. Utendi wa Mwana Kupona haukuwa na mpiga chapa wala bei. Ulinakiliwa kwa mkono kwa hati ya Kiarabu, ukahifadhiwa vichwani, ukasomwa kwa sauti majumbani, na jina la mtunzi likasafiri nao. Vijitabu vya More vilifika mbali kwa mwaka mmoja, lakini wengi waliovisoma hawakujua ni nani aliyeviandika.

Wanawake hawakuwa waandishi tu katika biashara hii. London, tangu miaka ya 1690, nyumba ya chapa ya Marafiki, jumuiya ya Kikristo ambayo Wakenya wanaifahamu kutokana na misheni ya Kaimosi iliyoanza mwaka 1902, iliendeshwa na Tace Sowle. Aliirithi kazi kwa baba yake, na alijua kupanga herufi kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1710 nyumba hiyo ilitoa maandishi ya Margaret Fell, mwanamke ambaye mwaka 1666, akiwa kifungoni, alitetea haki ya wanawake kusema katika ibada. Mikutano ya Marafiki mikoani ilipangiwa idadi ya nakala za kuchukua, hivyo Tace aliweza kuchapa akijua wanunuzi wapo. Mchapishaji yeyote wa leo Dar es Salaam au Nairobi atakwambia hiyo ni neema kubwa kiasi gani.

Na fedha? Mary Martha Sherwood, mke wa afisa wa jeshi aliyeishi India, aliandika kisa cha mtoto Henry na mtumishi wake wa Kihindi, kikatoka mwaka 1814. Mswada uliuzwa moja kwa moja kwa pauni tano kwa nyumba ya Houlston. Kitabu kilichapwa tena na tena, kikatafsiriwa kwa lugha nyingi, na hakimiliki haikuwa yake tena. More, kwa upande wake, alitoa riwaya yake ya maadili mwishoni mwa 1808 bila jina, akapata kiasi cha pauni 2,000 katika mwaka wa kwanza. Alibaki na haki zake, na alikuwa hajaolewa. Jambo hilo la mwisho si dogo: kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mapato ya mke yalikuwa mali ya mume, na sheria hiyo ilianza kubadilishwa mwaka 1870 tu. More alipofariki mwaka 1833 aliacha karibu pauni 30,000, nyingi zikaenda kwa mashirika ya hisani.

Mwaka 1799, mfululizo wake ulipokuwa umekwisha kukoma, wengine walishika mfano huo wakaanzisha Religious Tract Society jijini London. Shirika hilo likaja kuchapa na kugharimia vitabu vidogo vya dini kwa lugha nyingi za dunia, Kiswahili kikiwemo. Vijitabu vya misheni vilivyokuwa kwenye masanduku ya bibi zetu vilipita njia iliyotengenezwa kwa karatasi ya peni moja.

Vitabu vya namna hii ndivyo vinavyopotea upesi kuliko vyote. Kilichonunuliwa kwa bei ndogo hakiwekwi kabatini. Hufungiwa karanga, huwashiwa moto. Ukikikuta kimoja nyumbani, cha misheni au cha madrasa, usikibandike selotepu, maana gundi yake huila karatasi. Toa pini za chuma taratibu, kwani hushika kutu, hasa pwani. Kiweke ndani ya bahasha safi, mbali na jua na unyevu. Kisha, kabla mzee aliyekuwa nacho hajasahau, muulize na uandike kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni: nani alimpa, kilinunuliwa wapi, nani alikuwa akikisoma kwa sauti, na kilikuwa shilingi ngapi.