Je, wajua kwa nini gitaa lililokwisha kukauka hutundikwa wiki kadhaa kabla ya kung'arishwa?

Anayetengeneza gitaa katika karakana ya nyumbani hufika siku ambayo kazi huonekana imekwisha. Mbavu zimepindwa na kugundishwa, shingo imekaa mahali pake, msasa umepita kila kona, na mkono wa mwisho wa laka, kile kipako kinachong'arisha na kulinda mti, umepulizwa. Baada ya saa moja uso haunati tena kidoleni. Kesho yake gitaa linashikika, linageuzwa, linang'aa. Kisha linatundikwa kwenye ndoano, na fundi anayejua kazi yake haligusi kwa wiki tatu, nne, au zaidi. Halipigwi msasa wa mwisho wala halifungwi nyuzi. Linasubiri nini, kama limekauka?

Linasubiri kiyeyushi kitoke, yaani ile thina iliyoifanya laka iwe majimaji ya kupulizwa. Sehemu kubwa yake ilitoka ndani ya saa ya kwanza. Iliyobaki ni kidogo, lakini hicho kidogo ndicho kinachokula mwezi mzima.

Ukiwauliza watu, wengi watakwambia kinachosubiriwa ni mti: eti mbao zinapumzika, au zinatoa unyevu wake wa mwisho. Jibu hilo linavutia, lakini chungulia ndani ya gitaa kupitia tundu la sauti. Mara nyingi utaona mti mtupu, haujapakwa chochote. Nje kumefunikwa kwa uangalifu mkubwa, ndani kumeachwa wazi kabisa. Mbao hizo zilikaushwa kabla hata hazijakatwa, na unyevu wake utaendelea kupanda na kushuka kufuata hewa maisha yote ya gitaa. Laka hupunguza kasi ya mabadiliko hayo, haiyazuii. Kama mti ungekuwa na maji ya kutoa, ungekuwa na njia pana ya kuyatolea upande wa ndani, na wiki nne za kutundikwa zisingebadilisha mengi.

Wengine husema kusubiri ni mazoea ya mafundi wa zamani, kwa sababu laka ni kitu cha haraka. Hapo kuna nusu ya ukweli, na nusu hiyo ina historia nzuri. Laka ya nitroselulosi ilienea miaka ya 1920 kwa sababu ya kasi yake hasa. Kabla ya hapo, kupaka gari vanishi ya mafuta kulichukua wiki nyingi, mkono mmoja ukisubiri mwingine, na magari yakijazana kiwandani bila kuuzika. Kampuni ya Du Pont ya Marekani ilipoleta laka yake ya Duco, muda wa kukausha ukaanza kuhesabiwa kwa saa. Watengenezaji wa magitaa hawakuchelewa kuichukua. Lakini kasi iliyosifiwa ni ile ya kufikia hatua ambapo vumbi halinasi na kazi inaweza kusogezwa mbele. Kutoka hapo hadi utando wote uwe mgumu ni safari nyingine.

Dhana iliyoenea kuliko zote, na inayoharibu magitaa mengi zaidi, ni kuamini kidole. Kidole hugusa uso tu. Kinapima tabaka la juu kabisa, lile lililokuwa jirani na hewa tangu mwanzo, na hakina habari na yanayoendelea chini yake. Ndiyo maana mtu anaweza kuligusa gitaa asubuhi akaliona gumu, akalilaza juu ya kitambaa, na jioni akakuta alama za ufumaji wa kitambaa zimejichora mgongoni. Uso haukudanganya, ila ulijibu swali la uso.

Si kila kipako hukauka namna hii. Vanishi ya mafuta hukamata oksijeni ya hewani na kujifunga kikemia. Poliurethani ya kuchanganya sehemu mbili hufungana yenyewe kwa yenyewe. Poliesta inayotumiwa na viwanda vingi hugandishwa kwa taa za miale ya urujuanimno kwa muda mfupi sana, na gitaa likaenda kung'arishwa bila kungoja wiki. Laka ya nitroselulosi na shelaki (utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti), vipako vinavyopendwa na mafundi wa nyumbani, havifanyi mmenyuko wowote wa maana. Hukauka kwa kupoteza kiyeyushi tu. Ndiyo maana mkono mpya huyeyusha kidogo ule wa chini na kuungana nao, na kovu la miaka kumi laweza kuzibwa bila mpaka kuonekana. Faida hiyo ni kubwa, na bei yake ni kusubiri.

Laka iliyo tayari kupulizwa mara nyingi haina hata theluthi moja ya kitu kigumu. Vilivyobaki vyote ni vya kuondoka. Ili kuona jinsi vinavyoondoka, fikiria ukumbi mrefu uliojaa watu, wenye mlango mmoja tu mbele. Watu ni kiyeyushi. Katikati yao kuna mabenchi mengi yaliyotawanyika, nayo ni minyororo mirefu ya polima itakayobaki kuwa laka. Mkutano ukiisha, walio karibu na mlango hutoka mara moja, na anayetazama akiwa nje huona ukumbi unamwagika kwa kasi. Hiyo ndiyo saa ya kwanza.

Sasa ongeza jambo moja: kila mtu anapotoka, mabenchi yanasogea kuziba nafasi yake. Na kwa kuwa waliotoka kwanza ni wale wa mlangoni, mabenchi ya mlangoni ndiyo yanayobanana kwanza. Waliobaki nyuma wanakuta njia imejaa viti vilivyosongamana. Hawawezi kukimbia. Mtu anasubiri upenyo utokee kati ya mabenchi mawili, anapiga hatua moja, pengine ya mbele, pengine ya kando, pengine ya kurudi nyuma, kwa sababu hakuna anayemwelekeza. Kadiri watu wanavyopungua, ndivyo mabenchi yanavyokazana na ndivyo hatua inayofuata inavyokuwa ngumu. Mwishoni kasi hushuka maelfu ya mara kuliko ilivyokuwa mwanzo. Watu wa mwisho hawakuzuiwa na mlango. Wamezuiwa na ukumbi wenyewe.

Katika utando wa laka, kiyeyushi kinachobaki pia hulainisha. Kikiwamo, minyororo ya polima inateleza na utando una ulaini fulani. Kikipungua vya kutosha, minyororo hujifunga na utando hugeuka kuwa kama kioo, na kioo hicho hukifungia ndani kiyeyushi kilichobaki, kiwe kinatoka kidogo kidogo kwa wiki na miezi.

Mwendo huu wa kutangatanga una matokeo ambayo wengi hawayatarajii. Ukiuongeza ukumbi urefu mara mbili, muda hauongezeki mara mbili, bali karibu mara nne. Kwa hiyo anayepuliza mikono minene ili amalize mapema anajichelewesha. Mikono myembamba, michache kwa siku, yenye saa kadhaa katikati, hutoa kiyeyushi kingi kabla tabaka jingine halijafunika. Hapa ndipo ninapoona uzuri wa kazi hii: ratiba ambayo mafundi waliifikia kwa kujaribu na kukosea inakubaliana na hesabu.

Tatizo la kuharakisha ni kwamba utando husinyaa, tena hausinyai sawasawa. Chukua mgongo wa mahogani. Mti huu una vitundu virefu vinavyoonekana kama mikwaruzo midogo ya sindano. Fundi huvijaza kwa filla, yaani uji wa kuzibia vitundu, kisha laka hufunika. Kama filla haikujaa vizuri, juu ya kila kitundu laka ni nene kidogo kuliko jirani yake. Utando ukisawazishwa kwa msasa wiki ya kwanza, unakuwa bapa kama maji yaliyotulia. Lakini pale penye laka nene pana kiyeyushi kingi zaidi cha kutoa, kwa hiyo pataendelea kuzama kuliko pengine. Baada ya mwezi, inamisha gitaa chini ya taa ya upande: vistari vidogo vimerudi, maelfu, kila kimoja kikiwa juu ya kitundu chake. Mikwaruzo ya msasa mkubwa iliyoachwa kwenye mti nayo hujitokeza kwa njia hiyo hiyo. Sprusi na mwerezi, mbao zinazotumika sana kwa uso wa gitaa, hazina vitundu vya namna hiyo, kwa hiyo uso husamehe zaidi kuliko mgongo.

Msasa wenyewe hutoa taarifa mapema. Laka iliyokomaa ikipigwa kavu hutoa unga mweupe mkavu unaopeperuka. Ambayo bado ni laini hujisokota na kuganda kwenye karatasi kwa vidonge vidogo vigumu, na kila kidonge huchimba mkwaruzo mrefu kuliko ule uliokusudiwa kuondolewa. Ukiviona, rudisha gitaa kwenye ndoano.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi laka isipulizwe nyingi, ili hata ikisinyaa ibaki ya kusawazisha tena? Tupige hesabu. Uso wa gitaa kubwa la nyuzi za chuma una eneo la karibu sentimita za mraba 1,500 na unene usiofika milimita 3. Ukiwa wa sprusi, mti wake bila viunzi vya ndani una uzito wa gramu 170 hivi. Utando wa laka wenye unene wa milimita 0.1 juu ya eneo hilo una gramu 15 hadi 20, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya mti wenyewe. Unene huo ukiwa mara mbili, umeubebesha uso unaopaswa kutetemeka mzigo wa ziada usiotoa sauti. Kwamba utando mnene hupunguza mtetemo ni jambo la fizikia. Madai kwamba aina fulani ya laka ina sauti tamu kuliko nyingine, penye unene sawa, ni magumu kuyapima, maana hakuna vipande viwili vya mti vinavyolingana kabisa, na ni vyema kuyapokea kwa tahadhari.

Jua nalo hushawishi. Joto la wastani, lile la chumba kikavu chenye hewa inayozunguka, husaidia kweli, kwa sababu hulegeza minyororo. Jua kali hufunga ngozi ya juu kabla ya wakati, hutokeza mapovu, na linaweza kulainisha gundi iliyoshika viunzi ndani. Hewa yenye unyevu mwingi ina hila yake: kiyeyushi kikitoka upesi hupoza uso, umande huganda juu ya laka mbichi, na ukungu mweupe hubaki umenaswa. Na popote laka inapopulizwa au kukaushwa, mvuke wake hushika moto kwa cheche moja na hudhuru mapafu. Kazi ifanyike penye hewa, mbali na moto wowote, kwa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Ya vumbi haitoshi.

Kwa shelaki, wiki mbili hadi nne hutosha mara nyingi, kwa kuwa hupakwa kwa kitambaa katika matabaka membamba mno. Ila iliyokaa kwenye chupa miezi mingi tayari imeyeyushwa hubadilika kikemia na haitakuwa ngumu hata ukisubiri mwaka. Hiyo itupwe.

Ili kujua wakati umefika, kipimo bora kuliko kalenda ni pua. Sogeza pua karibu na uso wa gitaa. Harufu ya thina ikiwa bado kali, kiyeyushi bado kinatoka. Ikiwa haipo au ni ya mbali sana, bonyeza ukucha kwenye laka, mahali patakapofunikwa na daraja, kile kipande cha mti kinachoshika nyuzi. Usipoacha alama, msasa wa maji unaweza kuanza: namba 800 au 1,000 kwa kusawazisha, kupanda hadi 2,000, kisha dawa ya kung'arishia.

Sehemu ya daraja yenyewe inahitaji ugumu huo huo. Gundi haishiki vizuri juu ya laka, kwa hiyo fundi huchora mpaka kwa kisu na kuikwangua yote mpaka mti ubaki wazi. Laka iliyokomaa hukatika safi penye mstari. Laka laini huvutika, hunyanyuka ukingoni na kuacha pindo ambalo daraja haliwezi kukalia sawasawa. Nyuzi za chuma za kawaida zitalivuta daraja hilo kwa nguvu ya kilo 70 hivi, mchana na usiku, tangu siku zinapokazwa.