Mkeka wa Cheltenham: matokeo ya siku moja yanavyosomwa vibaya

Tarehe 11 Machi 2025, siku ya kwanza ya tamasha la Cheltenham huko Uingereza, bado inatajwa na kila anayetaka kushinda ubishi kuhusu kubeti mbio za farasi wa kuruka viunzi. Naipenda michezo hii, na inaniuma kuona siku ile ikitumika kuwafundisha watu mambo yasiyo ya kweli.

Katika Champion Hurdle, mbio za takriban kilomita 3.3 zenye viunzi vinane, farasi Constitution Hill aliingia akiwa ameshinda mbio zake zote kumi, odi yake 1.5, yaani ukiweka shilingi 100 naye akashinda, unapokea 150. Akaanguka kiunzi cha tano. State Man, bingwa wa 2024, akafika kiunzi cha mwisho akiwa anaongoza vizuri, naye chini. Golden Ace, farasi jike mwenye odi ya 26, akapita na kuchukua ubingwa.

“Wanne wa uhakika, mkeka hauwezi kuchanika”

Hapa ndipo pesa nyingi zilipotea. Siku hiyo walikuwepo farasi wanne ambao wengi waliwaunganisha kwenye mkeka mmoja, yaani dau moja linalolipa wote wakishinda na kuchanika mmoja tu akishindwa: Kopek Des Bordes na Lossiemouth, odi kama 1.67 kila mmoja, pamoja na Majborough na Constitution Hill, 1.5 kila mmoja. Ukimtazama mmoja mmoja, kila farasi anaonekana hana mpinzani.

Sasa zidisha: 1.67 mara 1.5 mara 1.67 mara 1.5 unapata kama 6.25. Maana yake, hata tukichukulia kwamba odi za kampuni ni za haki kabisa, mkeka huo ulikuwa na nafasi kama 16 kati ya 100 (100 gawanya kwa 6.25). Yaani, ukiurudia mara mia, mara 84 unachanika. Na odi si za haki kabisa, kwa sababu kampuni hukata faida yake ndani ya kila odi, na ukiunganisha mbio nne makato hayo nayo yanazidishana. Kopek Des Bordes na Lossiemouth walishinda kama ilivyotarajiwa. Lakini mkeka ulikuwa umeshachanika mapema, katika Arkle, mbio nyingine ya siku hiyo hiyo iliyotangulia Champion Hurdle, Majborough alipokosea kuruka na kumaliza wa tatu nyuma ya Jango Baie. Aliyemlaumu Constitution Hill kwa mkeka huo alimwonea.

“Farasi bora haanguki hivi hivi, mchezo ulipangwa”

Kampuni za kubashiri zilinufaika na kuanguka kule, kwa hiyo shaka inaeleweka. Ila hesabu ya viunzi inatosha kuieleza ajali. Viunzi vya mbio za aina hii huanzia kama mita 1.07, wakati vile vikubwa vya miti na matawi, vya mbio za aina nyingine, huanzia kama mita 1.37. Watu huona vifupi wakadhani ni rahisi. Kumbe kwa kuwa ni vifupi, farasi huvipita kwa kasi kubwa zaidi, na kwenye kasi ile hatua moja ikikosewa hakuna nafasi ya kujirekebisha.

Halafu tarehe 3 Aprili, huko Aintree, uwanja mwingine wa Uingereza, Constitution Hill alianguka tena, na Lossiemouth akashinda. Farasi anayeanguka mara mbili ndani ya mwezi mmoja ana tatizo la kuruka. Waliomwekea dau kubwa Aintree kwa hoja kwamba “safari hii ni zamu yake” walisahau kwamba kiunzi hakina deni na mtu.

“Golden Ace alikuwa bahati tupu, basi tubeti wenye odi kubwa”

Sentensi hii ina makosa mawili. Ni kweli kwamba State Man asingeanguka, Golden Ace asingeshinda. Lakini hakuwa farasi wa kuokotwa. Machi 2024, Cheltenham hapo hapo, alimshinda Brighterdaysahead katika mbio za majike wanaoanza, na Brighterdaysahead huyo huyo alikuwa kati ya waliopewa nafasi kubwa kwenye Champion Hurdle ya 2025. Alimaliza wa nne. Aliyekumbuka mbio zile alikuwa na sababu ya kumtazama Golden Ace, tena majike hupunguziwa uzito wa kama kilo 3.2.

Kosa la pili ni zito zaidi. Kwa miaka mingi rekodi za mbio zimeonyesha kwamba anayebeti wenye odi kubwa peke yao hupoteza sehemu kubwa ya pesa zake kuliko anayebeti wanaopewa nafasi. Na hao wanaopewa nafasi ya kwanza hushinda takriban theluthi moja tu ya mbio.

“Farasi akijitoa, dau langu linarudi”

Akijitoa siku ya mbio, ndiyo, dau hurudi, na waliobeti farasi wengine hukatwa kiasi fulani wakishinda, kwa sababu mpinzani mmoja ameondoka. Lakini ukibeti miezi kadhaa kabla, kwa mfano Desemba kwa mbio za Machi, na farasi akaumia mazoezini asifike kabisa, kwa kawaida pesa imekwenda. Odi zile za mapema ni kubwa kwa sababu hatari hiyo imeshapigiwa hesabu humo. Kabla ya kuweka dau, tafuta kwenye masharti kama kampuni inaahidi kurudisha pesa farasi asipokimbia.