"Kosa la kibinadamu" halina alama kwenye ripoti ya pendulamu

Ninaposahihisha ripoti za maabara za mwaka wa kwanza, jibu lililokosewa huniambia mengi kuliko lililo sahihi. Pendulamu yetu ni gololi inayoning'inia kwenye uzi, na muda wa mbembeo wake hutupatia g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, ulio karibu 9.8 m/s². Ukiniletea g = 10.9 m/s², karibu nina hakika ulibonyeza saa huku ukisema "moja". Ulipotamka "ishirini", gololi ilikuwa imebembea mara 19 tu, nawe ukagawa muda kwa 20. Muda wa mbembeo umepungua kwa asilimia 5, na kwa kuwa hesabu ya g hutumia muda huo katika kipeo cha pili, jibu limepanda kwa asilimia 11 hivi. Anza na "sifuri". Aliyepata g ya 39 amehesabu kwenda peke yake. Mbembeo mmoja ni kwenda na kurudi.

Urefu hupimwa toka uzi ulipobanwa hadi katikati ya gololi, si hadi kwenye fundo. Kwa gololi ya kipenyo cha sentimita 2 na urefu wa mita 1, ukiishia juu yake umepoteza asilimia 1 ya g, na hata ukirudia kipimo mara hamsini hairudi. Wastani hupunguza makosa ya kubahatisha. Kosa linaloegemea upande mmoja halisogei. Kwa hiyo badilisha urefu mara tano, sentimita 40 hadi 120, uchore T² (T ni muda wa mbembeo mmoja) dhidi ya urefu. Mteremko ni 4π²/g, karibu 4.03. Sentimita uliyoisahau itaonekana pale mstari unapokataa kupita kwenye sifuri, lakini mteremko hautaharibika.

Uzi usiuzungushe kwenye nondo, maana sehemu unaponing'inia itahamahama. Ubane katikati ya vibao viwili. Usivute gololi zaidi ya digrii 10: hapo muda huongezeka kwa asilimia 0.2 tu, lakini kwa digrii 30 ni 1.7.

Halafu kuna "kosa la kibinadamu", maneno nisiyoyapa alama hata moja. Andika namba: mkono huchelewa sekunde 0.2 hivi. Kwa mbembeo mmoja wa sekunde 2 hiyo ni asilimia 10. Kwa mibembeo 20, asilimia 0.5, na kwenye g huzidishwa mara mbili.

Makala za watafiti ninazoombwa na majarida kuzikagua nazisoma hivyohivyo: maelezo ya makosa kwanza, grafu baadaye. Mwandishi akijivunia vipimo elfu kumi bila kusema kifaa chake kililinganishwa na kipi, namrudishia swali lilelile la fundo na katikati ya gololi.