Kuchakaza mabehewa ya modeli: uliza kwanza maji yalipita wapi

Wengi wanaoanza kuchakaza mabehewa ya modeli, yaani kuyafanya yaonekane yamezeeka kazini, hukimbilia rangi ya kutu. Wanapaka hudhurungi kila mahali, na behewa linaishia kuonekana kama lilitumbukia kwenye tope. Mimi kabla sijagusa brashi hujiuliza mambo mawili: maji ya mvua yalishukia wapi, na gurudumu lilirushia uchafu wapi.

Chukua behewa la mizigo la Marekani la futi 40, lile lililofunikwa pande zote. Kwa kipimo cha HO, yaani 1:87 (modeli ni ndogo mara 87 kuliko behewa halisi), lina urefu wa sentimita 14 hivi. Treni ikienda kwenye mvua, magurudumu ya behewa moja hurusha maji machafu kwenye ukuta wa mwisho wa behewa jirani. Ndiyo maana ukuta huo huwa na mistari miwili ya uchafu iliyosimama wima, kila mmoja juu ya reli yake, na katikati panabaki pasafi kiasi. Ukiweka mistari hiyo tu, kazi imeshaanza kuaminika.

Ubavuni naanza na rangi kupauka kwa jua. Nachanganya rangi ileile ya behewa na nyeupe kidogo, naizimua sana, halafu napuliza tabaka jepesi hadi maandishi nayo yafifie. Namba za behewa naziacha safi zaidi, maana wafanyakazi wa reli walilazimika kuzisoma, na mara nyingi zilipanguswa uchafu au kupakwa upya.

Kutu huja baadaye, tena kwa uchoyo. Natia nukta ya rangi ya mafuta chini ya ribiti (vichwa vya pini zinazounganisha mabati) au pale rangi ilipobanduka, naiacha ianze kukauka, kisha navuta kwa brashi bapa yenye thina kidogo mno, karibu kavu. Navuta kwenda chini tu. Kutu ya zamani ni nyeusi-nyeusi, iliyo mpya inaelekea rangi ya chungwa. Ukitumia rangi moja jicho linagundua mara moja.

Wino uliozimuliwa kwa spiriti hupenya vizuri kwenye mianya, ila ukiupaka juu ya vanishi isiyong'aa, uso unaweza kupata utando mweupe. Poda ya rangi nayo ina vituko vyake: ukiipulizia vanishi, nusu yake kama inayeyuka machoni. Kwa hiyo naipaka kupita kiasi makusudi, au naiacha bila vanishi kwenye behewa lisiloshikwashikwa.

Magurudumu: uso wa nje uwe na vumbi na grisi, lakini sehemu inayokanyaga reli ibaki chuma kitupu kinachong'aa. Rangi ikibaki hapo itahamia kwenye reli na kuzuia umeme.

Majengo ya modeli yana kanuni zake. Mbao zitie rangi kabla ya gundi, kwa sababu gundi ikishagusa mti rangi haiingii tena, na doa jeupe halifichiki. Kingine ninachokiona sana ni jengo zuri linaloelea, mwanga unapita chini ya ukuta. Sogeza mchanga na gundi hadi kwenye msingi, kisha pandisha poda ya rangi ya udongo uleule ukutani kama milimita 5. Kwa 1:87 hiyo ni zaidi ya sentimita 40 za tope linalorushwa na matone ya mvua.