Je, Wajua Kwa Nini Meneja wa Msanii Hulipwa Asilimia Badala ya Mshahara?

Hapa Dar es Salaam neno meneja halikosekani panapozungumziwa muziki na filamu: redioni, kwenye vijiwe vya Sinza na Kinondoni, na mitandaoni ambako mashabiki hubishana ni nani hasa aliyemtoa msanii fulani. Hata hivyo, wengi wetu tunapomfikiria mtu huyo tunamwona kama mpokea simu, au kama tajiri aliyemlipia kijana gharama za studio na video. Njia nzuri ya kuielewa kazi yake ni kuanza na namna anavyolipwa. Dereva, mlinzi na mhasibu wa msanii hupokea ujira uliopangwa, msanii awe amepata au amekosa. Meneja hupokea sehemu ya mapato, ambayo katika nchi zenye tasnia kubwa huwa mara nyingi kati ya asilimia 15 na 20. Tofauti hiyo ina sababu zake.

Sababu ya kwanza ni kwamba kazi ya meneja hutangulia fedha, pengine kwa miaka. Msanii anayeanza hana cha kumlipa mtu mwisho wa mwezi, ilhali huo ndio wakati anaomhitaji zaidi mtu wa kumtafutia prodyuza anayemfaa, kumtambulisha kwa waandaaji wa tamthilia, kusoma karatasi anazopewa atie saini, na kumzuia asitumie sura yake ovyo kabla haijawa na thamani. Meneja anakubali kulipwa kwa fedha ambazo bado hazipo. Brian Epstein, aliyekuwa akisimamia duka la sahani za santuri la familia yake huko Liverpool, aliliona kundi la muziki la The Beatles, ambalo alikuja kuwa meneja wake, kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 1961 katika ukumbi wa chini ya ardhi, wakati walikuwa vijana wanaokula na kutaniana jukwaani. Aliwavalisha suti, akawafundisha kuinama mbele ya hadhira, kisha akazunguka London na kanda yao akikataliwa na kampuni moja baada ya nyingine, ikiwemo Decca, mpaka EMI ilipowakubali mwaka 1962. Mkataba alioingia nao mwaka huo ulimpa asilimia 15, 20 au 25 kulingana na ukubwa wa mapato. Kundi lingebaki ukumbini mle, asilimia hizo zisingekuwa na maana kubwa.

Sababu ya pili ni kwamba asilimia humfunga meneja kwenye safari ya msanii. Kwa kuwa pato lake liko mbele, analazimika kutazama mbele, na hapo ndipo penye kiini cha kazi hii ambacho nadhani hatukizungumzii vya kutosha: sehemu kubwa ya kumwongoza msanii ni kukataa kwa niaba yake. Mfikirie mwigizaji wa kike aliyeng'ara katika tamthilia ya televisheni kwa kucheza nafasi ya wifi mkorofi. Ndani ya miezi michache anapigiwa simu na waandaaji watatu, na wote wanataka wifi mkorofi. Kodi ya nyumba inamsubiri, wazazi wanasubiri, na kila dili lina fedha taslimu. Akiwa peke yake atakubali yote matatu, na baada ya mwaka watazamaji watakuwa wamemchoka, huku waongozaji wakiamini kwamba hana uwezo wa kucheza kitu kingine. Meneja mwenye akili atakubali moja linalolipa vizuri, atakataa mawili kwa adabu, na atamtafutia nafasi ya aina nyingine kabisa, pengine ya mama mjane au wakili, hata kama malipo yake ni madogo, kwa sababu nafasi hiyo ndiyo itakayopandisha bei yake mwaka unaofuata.

Kutaja bei nako kunahitaji mtu wa pembeni. Tasnia ya filamu ya Dar es Salaam imejengwa juu ya kujuana: mwandaaji ni kaka, mwongozaji ni mwanafunzi mwenzako wa kikundi cha sanaa, mwandishi ni jirani wa Mwananyamala. Anapokuambia kwamba bajeti ni ndogo na tusaidiane, muhali unakushika, unakubali posho ya nauli na chakula, na ukidai zaidi unaonekana umejisikia. Meneja anaweza kukitaja kiwango bila kuona haya, akakidai kwa maandishi, akauliza malipo yatatolewa lini na nani atalipia siku ambazo upigaji picha utaongezeka, huku msanii na mwandaaji wakibaki marafiki wanaoalikana harusini. Naliona jambo hili kuwa la thamani kuliko hata fedha zenyewe, maana vipaji vingi vya Bongo Movie havikukwama kwa kukosa uwezo, vilikwama kwa kushindwa kusema hapana kwa watu wa karibu. Tukumbuke pia enzi ambazo filamu ziliuzwa kwa wasambazaji wa Kariakoo kwa bei ya mkupuo, haki zote zikiondoka pamoja na kanda, na mwigizaji akilipwa mara moja tu kwa kazi iliyoendelea kuuzwa miaka na miaka. Sasa, kwa kuwa chaneli kama Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo zimefungua soko la tamthilia ndefu, maswali ya marudio ya vipindi na ya matumizi ya sura ya mwigizaji katika matangazo yana uzito zaidi, na yanahitaji mtu anayeyauliza kabla ya kalamu kushikwa.

Katika muziki, mji huu una mifano ya wazi ya ulezi wa namna hiyo. Said Fella, anayejulikana kama Mkubwa Fella, alilisimamia kundi la TMK Wanaume Family, kisha akaanzisha Mkubwa na Wanawe kule Temeke, mahali ambapo vijana walifundishwa muziki kabla ya kujulikana. Huko ndiko lilikotoka kundi la Yamoto Band, lililowatambulisha Aslay na Mbosso. Babu Tale, aliyechaguliwa kuwa mbunge mwaka 2020, alijenga jina lake na kundi la Tip Top Connection la Manzese. Wawili hao, pamoja na Sallam SK, ndio waliokuwa mameneja wa Diamond Platnumz, kijana wa Tandale, katika miaka ambayo jina lake lilivuka mipaka. Penye manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini mameneja watatu wanawezekana iwapo kila mmoja anajua eneo lake na msanii anajua ampigie nani kuhusu nini.

Marekani imekwenda mbali zaidi na kugawa kazi hiyo kwa sheria. Katika jimbo la California, mwenye ruhusa ya kumtafutia mwigizaji ajira ni wakala aliyepewa leseni na Kamishna wa Kazi, na kwa desturi ya chama cha waigizaji malipo yake hayazidi asilimia 10. Meneja binafsi hana leseni hiyo. Yeye hushauri, huchagua wakala, mwanasheria na msemaji, na hupanga mwelekeo wa miaka. Wakala anaweza kuwa na wateja wengi mno, meneja huwa na wachache anaowajua tabia, afya na hofu zao. Kwetu kazi hizo mbili hufanywa na mtu mmoja, ambaye mara nyingi ndiye pia promota wa shoo, mmiliki wa lebo na mkopeshaji.

Hapo ndipo asilimia inapoweza kugeuka. Mfumo wote umesimama juu ya wazo kwamba msanii ndiye mwajiri na meneja anamtumikia. Meneja anapokuwa ndiye aliyetoa fedha za video, nyumba na gari, anakuwa mdai, na mdai ana haraka. Atakubali shoo kumi mfululizo ili arudishe mtaji wake wakati sauti ya msanii inahitaji mapumziko, na atapendelea kiki ya wiki moja kuliko kazi ya kudumu. Akiwa yeye ndiye anayenunua shoo na yeye ndiye anayeiuza, hakuna aliyebaki upande wa msanii. Sisemi kwamba mwekezaji asiwe meneja, kwa kuwa bila watu wa namna hiyo wengi tunaowapenda wasingesikika. Nasema kwamba kofia hizo ziandikwe katika mikataba miwili tofauti, mkopo uwe mkopo na usimamizi uwe usimamizi.

Kisa cha mwimbaji wa Marekani Elvis Presley kinaonyesha mambo yanakoweza kufika. Meneja wake, Tom Parker, alimtoa katika kampuni ndogo ya Memphis mwaka 1955 na kumfanya maarufu kupita kiasi, lakini kamisheni yake ilianzia asilimia 25 na baadaye ikafika 50. Nje ya Marekani, Elvis alitumbuiza katika miji mitatu tu ya Kanada, mwaka 1957. Wengi huamini ni kwa sababu Parker, aliyezaliwa Uholanzi na asiye na pasipoti ya Marekani, aliogopa kusafiri. Mwaka 1973 haki za rekodi za zamani ziliuzwa kwa dola milioni 5.4, na meneja akachukua nusu. Baada ya Elvis kufariki mwaka 1977, mwanasheria aliyeteuliwa na mahakama kulinda maslahi ya binti yake aliichunguza mikataba hiyo na kuikosoa vikali.

Kwa hiyo swali la asilimia ngapi halitoshi. Lazima lifuatwe na swali la asilimia ya nini. Chukua shoo ya shilingi milioni 10 ambayo wachezaji, DJ, usafiri na hoteli vimegharimu milioni 4. Meneja wa asilimia 20 akikata kwenye jumla anaondoka na milioni 2, na msanii anabaki na milioni 4. Akikata baada ya gharama anapata milioni 1.2, na msanii anabaki na milioni 4.8. Asilimia ni ileile, tofauti ni shilingi laki 8 kwa usiku mmoja. Inafaa pia iandikwe fedha zinaingia kwanza katika akaunti ya nani, na msanii awe na haki ya kuona hesabu wakati wowote.

Mambo mengine ni ya kusajili tu: msanii ajisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), kazi zake ziandikishwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina lake, na jina la kisanii lilindwe kama alama ya biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Nywila za akaunti ya YouTube na kurasa za mitandao zisiwe mikononi mwa meneja peke yake, maana wanapoachana ugomvi huanzia hapo.

Kuachana kwenyewe kunapaswa kuandikwa siku ya kukutana. Meneja aliyehangaika miaka mitatu akapata dili la ubalozi wa bidhaa la miaka miwili ana haki ya kuendelea kulipwa kutoka dili hilo hata mkataba wake ukiisha, kwa sababu jasho ni lake. Mikataba iliyopangwa vizuri humpa asilimia kamili kwa muda, kisha nusu yake, kisha robo, mpaka inapokoma, na inahusu tu kazi alizozitafuta yeye. Wimbo au filamu ambayo msanii ataifanya baadaye akiwa na meneja mwingine haimo, la sivyo msanii atajikuta anawalipa watu wawili kwa kazi moja, na meneja mpya atakosa sababu ya kumpigania.