Geti likifungwa saa nne usiku, ufunguo uko wapi?

Nikienda kukagua usalama wa moto kwenye ploti, yaani jumba la kupangisha, kabla sijagusa mtungi wowote wa kuzimia moto, humwomba keateka, mtunzaji wa jumba, ufunguo wa geti, kisha natazama saa. Majuzi kule mtaa wa Pipeline, Nairobi, kwenye jumba la ghorofa saba lenye ngazi moja, nilisubiri dakika kumi na moja. Keateka alipekua mifuko, akapiga simu mbili, mwishowe akaniambia, "Madam, soja, yule mlinzi wa usiku, ameenda nao." Hiyo ilikuwa mchana, stima ipo, moshi hakuna.

Wasimamizi wengi Nairobi wanamwogopa mwizi kuliko moto, na siwalaumu, maana mwizi wamemwona. Ndiyo sababu kuna grili kwenye dirisha, grili kwenye korido, na kufuli getini. Lakini kufuli inayomzuia mwizi kuingia inamzuia pia mpangaji kutoka. Mimi hupendekeza komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, lizungushiwe bati ili mkono wa mtu wa nje usilifikie kupitia nondo. Fundi wa kuchomelea wa mtaani anaiweza kazi hiyo. Na kila nyumba iwe na angalau grili moja yenye bawaba.

Halafu ngazi. Moshi hupanda, na ngazi moja ya katikati hugeuka bomba lake. Magodoro na baiskeli ziondoke. Mitungi ya gesi ya mwenye duka ikiwa chini ya ngazi, hapo sibishani na mtu: itoke siku hiyohiyo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kutuama mahali pa chini, palepale watu wanapopitia.

Vizimamoto sitavisemea sana. Mshale uwe kwenye kijani, pini iwepo, na awepo mtu anayejua kuvitumia.

Moto wa jengo la Grenfell Tower, London, tarehe 14 Juni 2017, uliua watu 72. Tangu Januari 2023, kanuni za Uingereza zinamtaka anayesimamia jengo la makazi linalozidi mita 11 akague milango ya kuzuia moto ya sehemu za pamoja kila miezi mitatu, na kuwaeleza wapangaji la kufanya moto ukizuka. Hapa Kenya, kanuni za kupunguza hatari ya moto za 2007 ziliandikiwa mahali pa kazi, na zinadai zoezi la kutoka jengoni angalau mara moja kila miezi 12. Wasimamizi huniambia ploti si kiwanda. Nami huwajibu: mfanyakazi wa kiwandani yuko macho, mpangaji wako amelala na watoto.

Pale Pipeline tulifanya zoezi Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani. Ukutani karibu na geti tulibandika nambari 999 na 112, na chini yake maelezo ya kufika, kwa sababu zimamoto hawawezi kuitafuta ploti kwa jina la mwenyewe. Watu waliposhuka wote, mama mmoja wa ghorofa ya sita alinivuta kando. "Na shosho wangu, bibi yangu? Hawezi ngazi." Keateka hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Tulipanda naye tena, tukabisha mlango kwa mlango, tukauliza nani anahitaji kubebwa na nani atambeba. Tulipofika chini, daftari lake lilikuwa na majina manne.